Meza ya Mlangoni

Wazazi wa Shemsa walipohama Tyseley kwenda Northfield, mitaa miwili ya Birmingham, mama yake alifurahia jiko, baba yake alifurahia pa kuegesha gari, na Shemsa mwenyewe alifurahia ubao mmoja uliokuwa umeng'oka kwenye uzio wa nyuma. Hata boksi la nguo zake hajalifungua, akaona jicho la kijivu linamchungulia kwenye lile pengo.

"Una trampolini?" jicho likauliza.

"Sina."

"Mimi ninayo. Pita."

Akapita. Hivyo ndivyo alivyompata Tilly Hodgetts, mtoto wa nyumba ya pili, mwenye nywele kama makumbi ya nazi na magoti yenye plasta mbili kila moja. Walirukaruka mpaka jua likazama, na Jumapili nzima wakarukaruka tena. Walizungumza Kiingereza, kwa sababu Kiswahili cha Shemsa kilikuwa cha masikioni zaidi kuliko cha mdomoni. Mama yake, Bi. Nasreen, akimwuliza jambo kwa Kiswahili cha Unguja, yeye humjibu kwa Kiingereza cha Birmingham, na nyumba ikaenda vivyo hivyo bila mkalimani. Kufikia Jumapili jioni wale watoto wawili walikuwa wameshajua kwamba wamezaliwa mwaka mmoja, kwamba wote wanachukia uyoga, na kwamba kesho yake Shemsa ataingia darasa lile lile la Tilly.

"Nitakuwekea nafasi wakati wa chakula," Tilly aliahidi. "Mimi hukaa dirishani. Ukikaa pale unawaona mbwa wanaopita uwanjani."

Shemsa akalala na furaha kama mtoto wa sikukuu.

Jumatatu asubuhi ilikwenda vizuri. Mwalimu alilitamka jina lake sawasawa mara ya kwanza, jambo ambalo kule shule ya zamani lilichukua muhula mzima. Hesabu alizijua. Mapumziko wakacheza. Kengele ya chakula ilipolia, darasa lote likaporomoka kuelekea ukumbini.

Ukumbi ule ulikuwa na madirisha makubwa upande mmoja na mlango wa kutokea uani upande wa pili. Katikati zilipangwa meza ndefu, zile za kukunja, ambazo mabenchi yake yameungwa humo humo na miguu yake ina magurudumu. Chakula kilitolewa kwenye vidirisha viwili vya jikoni: kimoja karibu na madirisha, na kingine, cha chakula cha halali, karibu na mlango. Kidirisha cha halali kilikuwa na Gustave, Mkongo mnene mwenye sauti nzito, aliyekuwa akiimba kwa Kilingala huku akipakua viazi.

Shemsa akapokea kuku na njegere, akasema asante. Akageuka na trei yake. Kule dirishani Tilly alikuwa amekwisha kaa, anampungia mkono mpaka anataka kuanguka kwenye benchi. Shemsa akaanza kwenda. Mkono laini ukamshika begani.

Ulikuwa mkono wa Bi. Pritchett, msimamizi wa ukumbi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo na mashavu mekundu. Bi. Pritchett alimwita kila mtu "bab," yaani "mpenzi," kama wenyeji wa Birmingham wa rika lake wanavyoita kila kiumbe chenye miguu miwili, na baadhi ya wenye minne.

"Wenzako wako kule, bab," alisema, akaelekeza mlangoni.

Shemsa akatazama huku na huku. "Darasa la tano?"

"Wenzako," alirudia Bi. Pritchett kwa tabasamu zuri kabisa, akamgeuza taratibu kama mtu anayegeuza baiskeli ya mtoto, akamsukuma kidogo.

Laiti angemkaripia, Shemsa angebisha. Lakini utabishana vipi na mtu anayekuchekea? Akaenda.

Meza ya mlangoni ilikuwa na baridi. Kila aliyetoka kwenda uani aliuacha mlango wazi, na upepo ukaingia pamoja na harufu ya choo cha wavulana. Shemsa akakaa mahali palipokuwa wazi, akaanza kuwatazama wale wenzake. Kulikuwa na mvulana mrefu wa darasa la sita aitwaye Tahlil, Msomali, aliyekuwa akiigiza sauti ya mwalimu mkuu mpaka watoto wadogo wakatema maji. Kulikuwa na mapacha wa Kijamaika. Kulikuwa na wasichana watatu wa Kipakistani, na mvulana mmoja wa Kihindi anayekula jibini peke yake. Na kulikuwa na msichana wa darasa lake, Jepchirchir, ambaye wazazi wake walitoka Eldoret.

Shemsa akamaliza njegere zake ndipo akaona. Akageuka akatazama dirishani. Akageuka tena akatazama meza yake. Kule hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja, wala wa rangi ya chai. Huku hapakuwa na mweupe hata mmoja.

"Hii ni meza ya halali?" alimnong'oneza Jepchirchir.

Jepchirchir akainua uma wake. Kwenye ncha ya uma kulikuwa na soseji nono ya nguruwe. "Hii unaionaje?"

"Sasa mbona unakaa hapa?"

"Siku ya kwanza niliambiwa wenzangu wako huku. Nikaja." Akaitafuna soseji. "Nilidhani nikishazoea shule watanihamisha. Hawajanihamisha. Lakini Tahlil anachekesha, utaona. Subiri afike kwa Bi. Pritchett."

Na kweli Tahlil alipofika kwa Bi. Pritchett, akajitia miwani ya vidole na kusema "Polepole, bab, hiyo ni jeli, siyo trampolini," Shemsa alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Lakini kila alipotulia, macho yake yalirudi dirishani, kwenye ile nafasi tupu karibu na Tilly. Baadaye mtu mwingine akaikalia.

Jioni, mama yake alikuwa anakata vitunguu. "Haya, niambie. Skuli imekuwaje?"

Shemsa akamweleza yote: njegere, Tahlil, soseji, na lile neno la wenzako. Kisu kikasimama.

"Wenzako?" Bi. Nasreen akasema. "Wenzako nani? Mimi hao watoto sijawazaa, sikusoma nao, wala siwajui. Mwenzako ni huyo kijitoto anayeingia hapa kwenye uzio kama panya kila siku. Yeye kakaa wapi?"

"Dirishani."

"Na nani?"

"Na wazungu."

Bi. Nasreen akamgeukia mumewe, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi na ovaroli yake ya kazi. Baba yake Shemsa, Ussi, alikuwa fundi katika karakana ya breki huko huko Tyseley. Nyumba walihama, kazi hakuhama. "Unamsikia mwanao?"

"Nimemsikia," Ussi alisema, macho kayafumba. "Kala?"

"Nimekula."

"Kuku wa halali?"

"Ndiyo."

"Umepata watu wa kuzungumza nao?"

"Ndiyo, lakini—"

"Basi alhamdulillahi. Mwanangu, wiki ya kwanza hii. Usijitafutie matata. Kaa walipokukalisha, soma, rudi nyumbani."

Vile vitunguu vilivyobaki Bi. Nasreen alivikata kama vimemkosea adabu.

Sasa, Shemsa alikuwa mtoto msikivu, ila usikivu wake ulikuwa na mipaka. Siku ya pili akapanga mpango wake kitandani, na saa ya chakula akautekeleza. Alimngoja Bi. Pritchett ainame kumfungia mtoto wa darasa la kwanza kamba za kiatu, akapokea trei kwa Gustave, akapita ubavuni mwa ukuta mbio mbio, kuku akitelezeka kwenye sahani, mpaka meza ya dirishani.

"Nimefika!" akamwambia Tilly, akihema.

Mbele ya Tilly alikaa mvulana aitwaye Kieran, mwenye madoadoa ya jua puani. Alimtazama Shemsa, akaitazama trei yake, akasema, "Pamejaa."

Palikuwa na nafasi ya kumlaza mbuzi.

"Hapa pana nafasi," Shemsa akasema.

"Pamejaa," akarudia Kieran. "Meza yenu si ile kule?"

Wengine wakageuka kutazama. Shemsa hakumjali Kieran. Vijana wa namna yake aliwajua tangu Tyseley. Alimtazama Tilly. Alimngoja aseme neno moja tu, hata dogo, hata "mwache." Tilly alikuwa ameinamia kikombe chake cha mtindi, anakoroga, anakoroga, kama mtu aliyepoteza pete ndani yake. Masikio yake yalikuwa mekundu. Hakuinua uso.

Shemsa akageuka. Safari ya kurudi mlangoni ilikuwa ndefu kuliko njia yote ya kutoka nyumbani. Jepchirchir akamsogelea, akamwekea nusu ya keki yake kwenye sahani. Siku hiyo hata Tahlil hakuigiza.

Jioni ile Shemsa alichukua toroli la bustani la baba yake, akalisukuma mpaka kwenye pengo la uzio, akaliegemeza pale. Kisha akakaa kwenye ngazi za jikoni, mikono kakunja, analilinda. Haukupita muda likatikisika.

"Shemsa? Siwezi kupita."

"Pamejaa," Shemsa akajibu.

Toroli likaacha kutikisika. Halafu kwikwi. Shemsa alitaka kufurahi lakini furaha haikuja. Akaenda karibu na uzio.

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kieran hata si mkubwa. Wewe umemshinda kwenye mbio."

"Niliogopa wataniambia na mimi niondoke."

"Mimi ndiye niliyeondoka!" Shemsa akapiga kelele, na hapo machozi yakamtoka na yeye, machozi ya hasira, yale ya moto. "Wewe umebaki na mtindi wako!"

Wakalia wote wawili, mmoja huku, mmoja kule, na toroli katikati. Walipochoka kulia wakabaki wanavuta makamasi. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa anakata majani, mashine inanguruma.

"Ule mtindi sikuumaliza," Tilly akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho nitakuja mimi. Meza yenu. Nitakaa na wewe."

"Watakuzuia."

"Wanizuie."

Shemsa akafikiri. Akaliondoa toroli.

Kesho yake ilikuwa siku ya mvua, na siku za mvua ukumbi ule huwa kama soko. Watoto hawakutoka uani tangu asubuhi, wamejaa nguvu kama chupa za soda zilizotikiswa. Shemsa alikaa mlangoni na Jepchirchir, jicho kwenye foleni ya kidirisha cha upande wa madirisha. Alimwona Tilly akipokea trei yake. Alimwona akisimama, akivuta pumzi. Kisha Tilly Hodgetts akageukia mlangoni, akaja moja kwa moja kupita katikati ya ukumbi, kidevu juu, soseji mbili na viazi mbele yake, utadhani anapeleka taji kwa malkia.

Hakufika. Bi. Pritchett alimwahi.

"Umepotea, bab. Meza yako ile."

"Sijapotea. Nataka kukaa na Shemsa."

"Hii si yako, mpenzi. Hii ni meza ya halali."

Tilly hakuwa mtoto wa maneno mengi. Lakini usiku uliopita alikuwa amefikiri, na jambo lililomwingia kichwani lilikuwa moja na halikutaka kutoka. "Jepchirchir anakula nguruwe," akasema.

Ukumbi haukunyamaza wote, lakini meza tatu za karibu zilinyamaza. Watu wote wakamtazama Jepchirchir, aliyekuwa ameshika soseji hewani, mdomo wazi.

"Ni kweli," Jepchirchir akasema. "Mimi Mkristo. Mama yangu anaimba kwaya."

"Na sisi pia," wakasema mapacha wa Kijamaika kwa pamoja. "Hatuimbi, lakini kanisani tunaenda."

"Mimi sili nyama kabisa," akasema yule mvulana wa jibini.

"Mimi ndiye halali," Tahlil akasema, akainua mkono kama yuko darasani. "Mimi, na hawa watatu, na Shemsa. Wengine wote hawa, Bi. Pritchett, ni haramu tupu."

Vicheko vikalipuka. Bi. Pritchett hakucheka. Alisimama pale, mkono bado uko begani mwa Tilly, akaitazama meza ya mlangoni kutoka mwanzo hadi mwisho, uso kwa uso, polepole. Kisha akageuka akaitazama ya dirishani. Shemsa alimwona akitambua. Ule wekundu wa mashavu ulishuka mpaka shingoni, ukapanda tena hadi kwenye mizizi ya nywele.

"Basi," akasema mwisho. "Basi kaa, bab. Kaa popote." Akaondoa mkono wake, akauangalia kama si wake.

Tilly akakaa. Shemsa akamsogelea mpaka mabega yakagusana, na soseji, kuku na viazi vikaliwa kwa raha isiyo na mfano. Tahlil, kwa kumkaribisha mgeni, akafungua ghala lake lote: mwalimu mkuu, mtangazaji wa basi, kipa aliyefungwa bao la kizembe. Vicheko vya mlangoni vikafika dirishani. Mtu wa kwanza kuja kuchungulia, amini usiamini, alikuwa Kieran.

"Anafanya nini huyo?" akauliza.

Shemsa akamtazama. Neno lilikuwa limeshamfika kwenye ncha ya ulimi, tamu kama halua: pamejaa. Na safari hii lingekuwa la kweli, maana benchi lilikuwa limebanana. Alilishika hapo ulimini kwa muda, akalionja. Kisha akalimeza.

"Anaigiza kipa," akasema. "Sogea usikie."

Kieran akajibana pembeni, nusu ya makalio hewani. Nyuma yake wakaja wawili, kisha watano. Haukupita muda meza ya mlangoni ikawa inalemewa, watoto wamesimama, trei mikononi, na meza ya dirishani imebaki na kikombe kimoja cha mtindi.

"Hatutoshi," Jepchirchir akalalamika, kiwiko cha mtu kikiwa sikioni mwake.

"Tulete ile," Shemsa akasema. "Ina magurudumu."

Wakubwa wakisimulia kisa hiki husema hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watoto husema hapo ndipo yalipokuwa matamu. Watu kama wanane wakakimbilia meza ya dirishani, Kieran akakanyaga breki zikafunguka, na wote wakaanza kusukuma. Meza ile ilikuwa nzito, mwanzo haikutaka. Kisha ikakubali. Kisha ikakubali kupita kiasi. Sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu, na mmoja wa mapacha alikuwa amekwishaparamia benchi akipiga kelele "Treni ya Digbeth! Treni ya Digbeth!" ingawa Digbeth, kituo kikubwa cha jiji, kuna mabasi tu.

"Shikeni!" Shemsa akapaza sauti. Hakuna aliyeshika.

Meza ikapita katikati ya ukumbi kwa heshima zake zote, ikamkosa Bi. Pritchett kwa upana wa kiganja, ikakutana na kigari cha vitamtamu. Juu ya kigari kulikuwa na sufuria kubwa la kastadi, ule uji mtamu wa njano ambao Waingereza humwagia kila keki. Sufuria likapaa, likapinduka kwa madaha. Kastadi ikaenea sakafuni kama jua linalochomoza.

Gustave akatokeza kichwa kidirishani. "Ee mama! Batoto! Kastadi yangu! Nimeipika tangu asubuhi, *mon Dieu*, nimeikoroga na mkono huu!"

Na hapo, kama ilivyo kawaida ya dunia, mlango ukafunguka akaingia mwalimu mkuu, Bi. Lovelock. Akapiga hatua moja. Akateleza hatua tatu. Akashika nguzo.

"Ni nani," akauliza akiwa amekumbatia ile nguzo, "aliyefikiria hili?"

Shemsa akajitokeza. Tilly akajitokeza naye, na kabla Bi. Lovelock hajasema neno, Jepchirchir akasimama, soseji bado mkononi.

Simu zikapigwa nyumbani. Bi. Nasreen alikuwa zamu dukani, kwa hiyo aliyekuja alikuwa Ussi, kutoka Tyseley moja kwa moja, na ovaroli yake na mafuta ya breki kwenye kucha. Shemsa alimwona kupitia kioo cha ofisi akifuta viatu mlangoni, akavifuta tena. Usijitafutie matata, alikuwa amemwambia. Na yeye alikuwa ameyatafuta, ameyapata, na ameyamwaga sakafuni.

Bi. Lovelock alieleza. Alieleza habari za usalama, za magurudumu, za watoto wadogo ambao wangeweza kuumia. Alisema Shemsa ni msichana mwerevu, na ndiyo maana amesikitika. Alisema juu ya kastadi. Ussi alisikiliza yote, mikono magotini, anaitikia kwa kichwa kwa adabu.

"Nimeelewa," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Kastadi tutaisafisha. Mimi mwenyewe nitaisafisha, nikipewa tambara la deki. Na Shemsa atamwomba radhi mpishi." Shemsa alidhani amemaliza. Bi. Lovelock naye alidhani amemaliza, akaanza kuinuka.

"Lakini meza nayo tuizungumze," Ussi akasema.

Bi. Lovelock akakaa.

"Pale kazini kwangu tunacho chumba cha kulia. Mimi nakaa mlangoni. Tangu nianze. Mimi, na Myemeni mmoja, na mzee mmoja kutoka Barbados. Hakuna aliyetuambia tukae pale. Au labda siku ya kwanza mtu alituambia, kwa wema, na sisi tukakaa. Mtoto wangu alipokuja na habari hii nikamwambia akae alipokalishwa. Nilidhani ninamfunza adabu." Alitazama mikono yake yenye mafuta. "Nilikuwa ninamfunza meza yangu. Sasa mimi sitaki arudi kule mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Akipenda mwenyewe kukaa na rafiki zake, sawa. Lakini asipangiwe na mtu."

Shemsa alikuwa hajapata kumsikia baba yake akisema maneno mengi hivyo kwa Kiingereza mbele ya mtu asiyemjua. Alitaka kumkumbatia, lakini alihofia itaonekana kama wamekula njama.

Bi. Lovelock aligeuka kuelekea ukumbini. "Napita ukumbi ule kila siku," akasema polepole. "Kila siku, Bwana Ussi. Na nimekuwa nikiona watoto wanakula. Basi. Hicho tu ndicho nilichokiona." Akavua miwani, akaifuta. "Vile vidirisha viwili tutaviweka pamoja. Na meza zitapangwa kwa madarasa, mpaka tuone."

Haikuwa kama hadithi ambapo kila mtu huamka kesho yake ni malaika. Mzazi mmoja aliandika kulalamika kwamba mwanawe hapendi mabadiliko. Wale wasichana wa Kipakistani waliendelea kukaa pamoja, kwa sababu walikuwa binamu na walikuwa na siri zao, na hakuna aliyewalazimisha waachane. Kieran alibaki Kieran, ila sasa alimfuata Tahlil kila aendako, akijaribu kuigiza sauti ya mwalimu mkuu na kutoa sauti ya bata. Lakini upande wa dirishani, siku ambazo mvua haikunyesha, ungewaona Shemsa na Tilly na Jepchirchir wamepanga viwiko kwenye ukingo wanahesabu mbwa, na kubishana kama paka mnene anahesabika.

Bi. Pritchett alikuja pale siku moja, akasimama nyuma yao akichezea mnyororo wa miwani. "Nilidhani mtafurahi zaidi mkiwa na wenzenu," alimwambia Shemsa. "Kweli, bab. Nilidhani ninawatendea wema."

Shemsa akageuka, kijiko mkononi. Hasira zilikuwa zimeshakwisha, na huruma alikuwa hajaipata bado. "Huyu ndiye mwenzangu," akasema, akamwonyesha Tilly kwa kijiko. Bi. Pritchett akaitikia kwa kichwa, akaenda kumtenganisha mtoto wa darasa la pili na jeli ya mwenzake.

Gustave ndiye aliyechelewa kusamehe. Shemsa alipomwendea kuomba radhi, alijikaza akasema kwa Kiswahili, kwa sababu mama yake alimwambia radhi ya Kiingereza haina uzito: "Nisamehe, mjomba, kwa kumwaga uji wako."

"Uji?" Gustave akaguta. "Unasema uji? Ile ni *crème*, mtoto! *Crème!*" Lakini alikuwa anacheka, na siku hiyo njegere za Shemsa zilijaa mpaka zikadondoka kwenye trei.

Wiki ile ile ya kastadi, Ijumaa, Ussi alirudi kutoka kazini amechelewa. Akavua viatu, akajitupa kwenye kochi, akashusha pumzi ndefu. Bi. Nasreen akamwuliza kulikoni.

"Nimebadilisha meza," akasema.

Shemsa akaacha kuchora. "Umekaa wapi?"

"Nimekwenda kukaa katikati kabisa, na yule Myemeni na mzee wa Barbados nimewaburura. Tukasema habari za mchana, tukakaa."

"Wakasema pamejaa?"

"Laiti wangesema!" Ussi akajishika kichwa. "Wametupokea kwa mikono miwili. Wametupa na biskuti. Halafu yule wa kushoto akaanza kunieleza habari za goti la mchezaji mmoja wa timu ya Villa. Goti tu! Tangu tumekaa mpaka king'ora cha kurudi kazini, ni goti. Lilivyovimba, lilivyopasuliwa, daktari gani, sindano gani. Myemeni kalala. Mzee analia machozi."

Bi. Nasreen alicheka mpaka akajiegemeza kwenye friji.

"Basi Jumatatu utarudi mlangoni, baba?" Shemsa akauliza.

"Nirudi mlangoni?" Ussi akasema, akivuta mto chini ya kichwa. "Nitarudi vipi, na hajanieleza kama lilipona?"